Intaneti Iko, Lakini Pesa Haiendi: Jinsi ya Kutatua Shida za Laini Moja Yenye Kazi Mbili

Kati ya maswali tunayoletewa na wateja wa Naitiri na maeneo mengine ya Bungoma na Kitale, kuna moja linalorudi kila msimu: "WhatsApp yangu inafanya kazi vizuri, lakini nikituma pesa inakwama. Kama mtandao uko, mbona pesa haiendi?"

Ni swali zuri, na jibu lake linaweza kukuokolea pesa nyingi. Katika somo hili tutaeleza jinsi laini yako inavyobeba intaneti na pesa, kwa nini kazi hizo mbili wakati mwingine hugongana, na hatua za kufuata ndiyo usije ukalipa mara mbili.

Tuanze na mfano. Tuseme ni wakati wa kupanda, na mkulima amefika kwenye agrovet pale soko la Naitiri kununua mbegu na mbolea za Sh 6,000. Anafungua menyu, anaweka nambari ya duka, kiasi, kisha PIN. Skrini inazunguka kidogo halafu inapotea. Hakuna ujumbe.

"Mama, imeingia?"

"Bado, baba. Jaribu tena."

Hayo maneno mawili, "jaribu tena", ni ghali kuliko yanavyosikika. Mkulima anajaribu tena, ujumbe unaingia, anapakia mbolea kwa boda na kuondoka. Akifika mbele kidogo, simu inalia: ujumbe wa pili. Sh 12,000 zimetoka badala ya Sh 6,000. Pesa ya palizi imeingia dukani bila mtu yeyote kuiba.

Kwa hivyo, kabla ya mambo ya kiufundi, shika kanuni hii: ukishaweka PIN, usirudie muamala kabla ya kuangalia salio. Mengine yote kwenye somo hili yanaeleza kwa nini.

LAINI MOJA, NJIA TATU

Wengi wetu hufikiri mtandao ni kitu kimoja: uko au hauko. Ukweli ni kwamba ndani ya laini moja kuna njia kadhaa, na pesa yako inaweza kupita njia tofauti kabisa na ile ya WhatsApp.

Njia ya kwanza ni menyu ya laini. M-PESA ilipoanza Machi 2007, ilianza na menyu iliyowekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe. Ukimaliza kujaza na kuweka PIN, ombi lako hufungwa kwa siri na kusafiri kama SMS. Ndiyo maana hata kabambe isiyo na intaneti hutuma pesa bila shida.

Njia ya pili ni zile namba za nyota, kwa mfano *334#. Kitaalamu huitwa USSD. Hii ni kama kupiga simu: wewe na mfumo mnaongea moja kwa moja, swali na jibu, mpaka mwisho. Laini ikikatika katikati, mazungumzo yanaisha hapo hapo na huwezi kuendelea pale ulipoachia. Lazima uanze upya.

Njia ya tatu ni programu kwenye simu janja. Hii hupita upande wa intaneti, sawa na WhatsApp au Facebook.

Halafu kuna ujumbe wa uthibitisho. Huu kwa kawaida huja kwa SMS, haijalishi ulituma kwa njia gani. SMS haifanyi kazi kama simu. Hufika kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, na simu yako isipopatikana, kituo huihifadhi na kujaribu tena baadaye. Kwa hivyo pesa inaweza kuwa imeshafika, lakini ujumbe wake bado uko foleni. Kukosa ujumbe si ushahidi kwamba pesa haijatoka.

KWA NINI INTANETI NA PESA HUGONGANA

Shida ya kifaa cha zamani kushiriki laini na intaneti haikuanza na simu ya mkononi. Maofisi yaliyokuwa na mashine ya faksi kwenye laini ya waya yaliijua vizuri. Faksi ilitumia sehemu ile ile ya waya inayobeba sauti, yaani mawimbi ya chini, hadi kama kilohezi 4. Intaneti ya ADSL ilipokuja, ilipita kwenye waya huo huo lakini juu zaidi, kuanzia kama kilohezi 25. Bila kichujio kidogo cha kutenganisha hizo mbili, faksi ilisikia kelele, na kurasa zilitoka na mistari au kukatika katikati. Fundi mzuri hakukimbilia kununua mashine mpya. Alichomoa kila kitu, akaacha faksi peke yake kwenye laini, akaijaribu, kisha akarudisha vifaa kimoja kimoja mpaka akakipata kinacholeta shida.

Simu yako haina waya, lakini hali yake inafanana. Haya ndiyo mambo manne ambayo hugonganisha kazi hizo mbili.

1. 4G ilijengwa kwa ajili ya intaneti

Kwenye 2G na 3G kuna njia maalum ya kupiga simu. Kwenye 4G kila kitu ni data. Kama simu yako au mtandao wako haupitishi sauti juu ya 4G, basi kila unapopiga simu, simu hushuka kwanza hadi 3G au 2G, kisha hurudi 4G ukimaliza. Namba za nyota mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Ule muda wa kushuka ndio pesa inapokwama, hasa mahali ambapo 4G ina nguvu lakini 3G au 2G imebanwa. Ndiyo maana WhatsApp inaweza kupeperuka huku *334# ikigoma.

Na kama umeweka simu kwa 4G peke yake ili bando iende kasi, umeifungia mlango wa kushuka. Intaneti itaenda mbio, lakini simu na namba za nyota zitasumbua.

2. Kwenye 2G, kazi mbili haziendi pamoja

Ukiona herufi E juu ya skrini, uko kwenye 2G. Hapo simu nyingi haziwezi kupiga simu na kutumia intaneti kwa wakati mmoja. Moja husimama ili nyingine ipite. Ukipigiwa simu wakati programu inatuma pesa, programu inaachwa njiani. Kwenye 3G, ile yenye herufi H au 3G, kazi zote mbili zinaweza kwenda pamoja.

3. Simu ya laini mbili, redio moja

Wafanyabiashara wengi huweka laini ya biashara na laini ya kibinafsi kwenye simu moja. Simu nyingi za aina hii zina redio moja inayogawana laini zote mbili. Ukiongea kwenye laini ya kwanza, ya pili inakuwa kama imezimwa. Anayekupigia huambiwa mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa, na ujumbe wa malipo ya mteja wako unasubiri hadi ukate simu. Unaongea na msambazaji wa bidhaa dakika kumi, mteja amesimama mbele yako akisema amelipa, na nyinyi wawili mnaanza kuangaliana vibaya bure.

4. Hotspoti na programu zinazopakua

Ukiwasha hotspoti ili kijana afanyie kazi ya shule, au simu ikianza kusasisha programu zake yenyewe, njia ya intaneti inajaa. Menyu ya laini huenda isiathirike sana, lakini programu ya pesa itazunguka tu. Mahali penye mawimbi hafifu, tofauti hii huonekana haraka.

JE, PESA IMETOKA?

Jiulize swali moja: nilikuwa nimeshaweka PIN na kukubali?

Kama mambo yalikatika kabla ya PIN, pesa haijatoka. Anza upya bila wasiwasi.

Kama yalikatika baada ya PIN, chukulia kwamba pesa huenda imetoka. Ombi lako linaweza kuwa limefika na kutekelezwa, na kilichokatika ni jibu tu. Baadhi ya mifumo huzuia muamala unaofanana na uliotangulia kwa dakika chache, lakini usiitegemee kinga hiyo.

Fanya hivi:

• Ngoja dakika mbili au tatu. Usizime simu kwanza.
• Angalia salio. Kama limepungua kwa kiasi ulichotuma pamoja na ada, pesa imetoka. Ujumbe utafuata.
• Kama huna hakika salio lilikuwa ngapi, fungua taarifa fupi ya akaunti uone miamala ya mwisho.
• Kama salio halijaguswa na muamala hauonekani kwenye taarifa, ndipo ujaribu tena, mara moja tu.

Mwenye duka naye aangalie upande wake. Salio la mteja na salio la duka ndio mashahidi wawili. SMS ni mjumbe tu, na mjumbe anaweza kuchelewa.

HATUA ZA KUTAFUTA SHIDA

Hapa tunafuata njia ya yule fundi wa faksi: punguza mambo mpaka libaki moja, kisha rudisha taratibu. Fuata mpangilio huu, na uishie pale shida inapoisha.

Hatua ya 1. Zima hotspoti, kisha zima data kwa muda. Jaribu kuangalia salio kwa menyu ya laini au *334#. Ikikubali, mgongano ulikuwa upande wa intaneti.

Hatua ya 2. Washa hali ya ndege kwa sekunde 30, kisha izime. Simu itajiandikisha upya kwenye mnara wa karibu, ule watu wengi huita busta. Hatua hii pekee huondoa shida nyingi, na mara nyingi SMS zilizokwama huingia zote kwa mpigo.

Hatua ya 3. Hakikisha unatumia laini sahihi. Kwenye simu ya laini mbili ni rahisi kupiga *334# kwa laini ambayo si yenyewe. Ukipata ujumbe wa Kiingereza unaotaja "MMI code", anza kwa kuangalia hapa.

Hatua ya 4. Ingia kwenye mipangilio, fungua mitandao ya simu, halafu aina ya mtandao. Chagua ile inayojumuisha 2G, 3G na 4G pamoja. Kama mawimbi ya 4G yanakuja na kupotea, chagua 3G au 2G kwa muda, tuma pesa, kisha rudisha. Menyu ya laini haihitaji kasi. Inahitaji mawimbi yaliyotulia.

Hatua ya 5. Kama una laini mbili, toa au zima moja, ujaribu na iliyobaki. Ikikubali, rudisha ya pili na uangalie kama shida inarudi.

Hatua ya 6. Weka kadi yako kwenye simu nyingine. Ikifanya kazi huko, shida ni simu yako. Ikigoma pia huko, jaribu kadi ya jirani yako wa mtandao huo huo. Ya jirani ikikubali na yako ikigoma, kadi yako huenda imechoka au akaunti ina tatizo, kwa hivyo tembelea duka la huduma kwa wateja na kitambulisho chako. Zote zikigoma, shida ni mtandao wa eneo. Weka simu chini, endelea na kazi nyingine, jaribu baadaye.

Unapoazima simu, weka kadi yako mwenyewe na uweke PIN mwenyewe. Usimtajie mtu PIN, hata kama ni wakala unayemjua miaka mingi.

MAMBO MADOGO YANAYOSAHAULIKA

Kumbukumbu ya SMS imejaa. Kabambe nyingi huhifadhi ujumbe kwenye kadi, na kadi haina nafasi kubwa. Ikijaa, ujumbe mpya hauingii hadi ufute wa zamani. Wakulima, hili liangalieni mapema. Vocha ya mbolea ya ruzuku ya serikali huja kwa SMS pia, na hutaki kufika kwenye ghala la NCPB Kitale au Bungoma ukiwa na simu iliyojaa matangazo. Nakili kwanza namba za miamala muhimu kwenye daftari, kisha futa.

Ujumbe umeenda kwenye folda ya taka. Baadhi ya simu janja hutenga SMS zinazodhani ni matangazo. Fungua folda hiyo kabla ya kusema ujumbe haujafika.

Tarehe na saa si sahihi. Kwa programu za pesa, hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Usalama wa intaneti hulinganisha tarehe. Simu ikisema tuko mwaka mwingine, programu inakataa kufunguka. Weka tarehe ijipange yenyewe.

Stima imepotea. Mnara wa mtandao nao unahitaji umeme. Stima ikipotea kwa muda mrefu, mnara hutegemea betri au jenereta, na hizo zikiisha, simu yako hutafuta mnara wa mbali zaidi. Ukiona mawimbi yamepungua ghafla baada ya stima kupotea, usilaumu simu.

Ombi la PIN halitokei. Ukilipa mtandaoni au dukani na ombi la kuweka PIN halijitokezi kwenye skrini, angalia kama ulikuwa unaongea na simu, au kama skrini ilikuwa imefunguliwa kwenye menyu nyingine. Funga vyote, mwambie mwenye duka atume ombi upya. Ombi likipita muda wake bila wewe kuweka PIN, hakuna pesa iliyotoka.

KWA WENYE MADUKA NA MAWAKALA

Kwa biashara inayopokea malipo siku nzima, tunashauri mambo manne.

Kwanza, laini ya biashara ipewe simu yake. Kabambe ya bei nafuu inatosha. Betri yake inakaa, haina programu za kupakua, na hakuna atakayeichukua kwenda kutazama video. Hicho ndicho kichujio chako: kinatenganisha pesa na intaneti.

Pili, simu hiyo isitumike kuongea. Wateja wapewe nambari nyingine ya kupiga.

Tatu, tafuta mahali penye mawimbi mazuri ndani ya duka. Duka la mabati lenye mlango mmoja huzuia mawimbi. Simu iliyo karibu na dirisha au mlango hupokea ujumbe vizuri kuliko iliyofungiwa kwenye droo.

Nne, badala ya kumwambia mteja "jaribu tena", mwambie "hebu tuangalie salio kwanza". Yakupotezea dakika mbili, lakini inakuepusha na ugomvi, na mteja atakuamini.

KAMA PESA IMETOKA MARA MBILI

Usiogope, na usikawie. Kama mliyefanya naye biashara yuko mbele yenu au anapatikana, elewaneni hapo hapo. Onyesheni ujumbe zote mbili. Kila muamala una namba yake, kwa hivyo namba mbili tofauti ni miamala miwili, na namba moja iliyojirudia ni ujumbe mmoja uliofika mara mbili.

Kama ulituma kwa mtu kwa M-PESA na humpati, sambaza ule ujumbe wa uthibitisho kwa 456 kuomba urejeshewe, au piga 234. Fanya hivyo mapema, maana ni vigumu kurejesha pesa ambayo mpokeaji ameshaitoa au kuitumia. Usiufute ujumbe huo, kwa sababu ndio risiti yako.

Na hapa tahadhari. Matapeli wanajua kwamba mtandao husumbua, na hutumia nafasi hiyo. Utapata SMS inayofanana na ya malipo, kisha simu: "Samahani mama, nimekutumia kimakosa, nirudishie." Ujumbe wa kweli wa malipo huja kwa jina la huduma, hauji kutoka nambari ya kawaida ya mtu. Lakini hata jina lisikutoshe: angalia salio. Salio lisipoongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Hata likiwa limeongezeka, usitume mwenyewe. Mwambie aombe kurejeshewa kwa njia rasmi. Na mteja anayekuonyesha ujumbe kwenye simu yake akisema wako umechelewa, mkaribishe akae kidogo. Mzigo utoke salio likionekana.

KWA UFUPI

Bandika haya matano karibu na kaunta:

1. Kabla ya PIN, anza upya. Baada ya PIN, angalia salio.
2. WhatsApp kufanya kazi si dalili kwamba njia ya pesa iko sawa.
3. Data ikisumbua, tumia menyu ya laini. Menyu ikisumbua, jaribu hali ya ndege kwa sekunde 30.
4. Usiweke simu kwa 4G peke yake.
5. Tafuta shida moja baada ya nyingine. Usibadilishe mambo matano kwa wakati mmoja, maana hutajua ni lipi lililosaidia.

Kama umefuata hatua zote na bado laini inakwama, andika saa, kiasi na namba ya muamala, kisha uwasiliane na huduma kwa wateja. Ukiwa na hayo matatu mkononi, tutaanza kufuatilia muamala wako papo hapo.

Msomee somo hili mzazi au jirani anayetumia kabambe, hasa kabla ya msimu wa kupanda, wakati pesa nyingi zinatembea na haraka ni nyingi.